Nani Atoe Leseni ya Masaji? Funzo kutoka Miji ya California

Biashara ya masaji, yaani huduma ya kukanda na kuchua mwili kwa malipo ili kulegeza misuli, kupunguza maumivu au kumpumzisha mtu, ni miongoni mwa biashara ndogo ambazo serikali za mitaa katika nchi nyingi zimehangaika nazo kwa zaidi ya karne moja bila kuafikiana namna ya kuzisimamia. Sababu ni kwamba kazi hii inaangukia chini ya mamlaka tatu kwa wakati mmoja. Inagusa afya, kwa kuwa mkandaji asiyejua anatomia, ambayo ni elimu ya maumbile ya mwili, anaweza kumdhuru mteja aliyeganda damu kwenye mshipa wa mguu au ambaye mifupa yake imedhoofika. Inagusa biashara, kwa kuwa inahitaji jengo, leseni na kodi. Na inagusa sheria ya jinai, kwa kuwa jina lake limetumika mara nyingi kuficha ukahaba na, penye ubaya zaidi, unyonyaji wa wanawake walioletwa kutoka mbali kwa hila na madeni.

Mamlaka hizo tatu zinapochanganywa mkononi mwa ofisi moja, hasa zinapokabidhiwa polisi peke yao, mkandaji mwenye ujuzi huwekwa katika fungu moja na mhalifu, na mhalifu hujifunza kujificha nyuma ya karatasi zilezile anazobeba mkandaji mwaminifu. Jimbo la California nchini Marekani linafaa kuchunguzwa kwa makini juu ya jambo hili, kwa sababu katika muda usiofika miaka kumi lilipitia mifumo mitatu tofauti: kwanza kila mji ulijiamulia wenyewe, kisha miji ikapokonywa sehemu kubwa ya mamlaka yake, na hatimaye ukatafutwa mgawanyo wa kazi kati ya jimbo na miji ambao unaendelea kutumika.

Mizizi ya tatizo

Mabishano kuhusu masaji hayakuanzia California. Mwaka 1894 jarida la madaktari wa Uingereza, British Medical Journal, lilifichua kwamba baadhi ya nyumba za masaji mjini London zilikuwa madanguro, na kwamba wasichana waliokwenda kutafuta mafunzo ya kazi waliingizwa humo kwa udanganyifu. Wanawake wanne waliokuwa wauguzi na wakunga, miongoni mwao Rosalind Paget, waliona kwamba kashfa hiyo ingeiangamiza kazi yao halali, hivyo mwaka huohuo wakaanzisha chama cha wakandaji waliofunzwa, wakaweka mitihani na cheti, na wakajiwekea masharti makali, likiwamo la kutomkanda mwanamume isipokuwa kwa maelekezo ya daktari. Chama hicho kilipata hati ya kifalme mwaka 1920, na tangu mwaka 1944 kinajulikana kama chama cha wataalamu wa fiziotherapia, tiba ya viungo kwa mazoezi na ukandaji.

Sambamba na juhudi hizo, mamlaka za mitaa za London zilipewa na Bunge uwezo wa kutoa leseni kwa majengo ya masaji na kuyakagua, uwezo ambao baadaye uliendelezwa na Sheria ya Mamlaka za Mitaa za London ya mwaka 1991, ambayo inaiweka masaji katika kundi moja la huduma maalumu pamoja na kuchora chale, kutoboa mwili na bafu za mvuke. Ndivyo zilivyozaliwa njia mbili ambazo kila nchi iliyofuata imelazimika kuchagua mojawapo au kuzichanganya: njia ya kumthibitisha mtu kwa elimu na tabia yake, na njia ya kulithibitisha jengo kwa usafi na usalama wake. Njia hizi hazijibu swali moja, na miji mingi imekosea kwa kudhani kwamba moja inaweza kufanya kazi ya nyingine.

California kabla ya mwaka 2008

Katiba ya California, katika Ibara ya 11, kifungu cha 7, inazipa kaunti na miji uwezo wa kutunga na kusimamia ndani ya mipaka yake sheria za usalama, usafi na mambo mengine ya wenyeji, mradi zisipingane na sheria za jimbo. Sheria hizo zinalingana na zile ambazo Watanzania huziita sheria ndogo za halmashauri. Kwa kuwa jimbo lenyewe halikuwa na leseni ya wakandaji, kila mamlaka miongoni mwa kaunti 58 na mamia ya miji ilijitungia masharti yake. Mkandaji aliyefanya kazi katika miji mitatu iliyopakana alihitaji vibali vitatu, alilipa ada tatu, na alipeleka alama za vidole katika vituo vitatu vya polisi, hata kama elimu yake ilikuwa ileile na hakuwa na kosa lolote.

Masharti mengi kati ya hayo yalitungwa kwa kumtazama mkandaji kama kahaba anayesubiri kukamatwa. Ipo miji iliyoviweka vituo vya masaji katika fungu moja na kumbi za starehe za watu wazima, na mingine iliwadai wafanyakazi vipimo vya magonjwa ya zinaa ambavyo kinyozi au daktari wa meno hakudaiwa. Mahakama ziliingilia mara chache. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ya California ilitengua sheria ndogo ya Kaunti ya Los Angeles iliyomkataza mtu kumkanda kwa malipo mteja wa jinsia nyingine, kwa hoja kwamba makosa ya jinai yanayohusu ngono ni eneo ambalo jimbo lilikuwa limekwisha kulitungia sheria kikamilifu, kiasi kwamba kaunti haikuwa na nafasi ya kuongeza lake. Kanuni hiyo, kwamba sheria ya chini hunyamaza pale sheria ya juu inapokuwa imesema yote, ndiyo iliyokuja kuwa kiini cha ugomvi wa baadaye kati ya miji na jimbo.

Iko miji iliyotambua mapema kwamba polisi hawakuwa mahali sahihi pa kuanzia. San Francisco, mapema katika miaka ya 2000, ulihamisha utoaji wa vibali vya masaji kutoka kwa polisi na kuupeleka katika idara ya afya ya umma, hatua iliyobadilisha hata aina ya maswali yaliyoulizwa na wakaguzi: mkaguzi wa afya huanza na mashuka, maji na elimu ya mfanyakazi, wakati askari huanza na shaka.

Sheria ya 2008 na athari zisizotarajiwa

Mwaka 2008 bunge la California lilipitisha mswada wa seneta Jenny Oropeza, uliojulikana kama SB 731, ukiwa na lengo la kuondoa utitiri wa vibali na kuipa kazi ya ukandaji hadhi moja katika jimbo zima. Sheria hiyo iliunda chombo kisicho cha kibiashara, Baraza la Tiba ya Masaji la California, ambalo lilianza kutoa vyeti mwaka 2009. Cheti kilikuwa cha hiari, lakini aliyekipata aliweza kufanya kazi popote jimboni bila kudaiwa kibali kingine cha taaluma, na kituo ambacho wafanyakazi wake wote walikuwa nacho kilipaswa kutendewa na mji sawa na ofisi nyingine za kitaalamu, mathalani za mawakili au wahasibu.

Kwa wakandaji waliofunzwa, huo ulikuwa ukombozi wa kweli, na haufai kubezwa kwa sababu ya yaliyofuata. Hata hivyo, waliotunga sheria walikuwa wamechukua cheti cha mtu na kukigeuza kuwa ngao ya jengo. Mji haukuweza tena kuvipangia vituo hivyo maeneo maalumu, kuvitenganisha kwa umbali au kupunguza idadi yake katika mtaa mmoja, isipokuwa kama uko tayari kuwawekea masharti hayohayo wanasheria na wahasibu wake. Wamiliki wenye nia mbaya waligundua haraka kwamba, iwapo wangewapatia wafanyakazi vyeti, hata kwa kutumia shule zilizouza hati za masomo yasiyosomwa, milango yao ingekuwa salama dhidi ya mpangaji wa mji. Vituo viliongezeka kwa kasi katika miji kadhaa, hasa kusini mwa jimbo, na madiwani walijikuta wakiwajibu wananchi wenye malalamiko bila kuwa na chombo chochote cha kisheria mkononi.

Mgawanyo mpya wa mwaka 2015

Baada ya miaka mitano ya malalamiko, bunge lilitunga sheria nyingine, AB 1147, iliyotiwa saini na Gavana Jerry Brown mwaka 2014 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2015. Sheria hiyo iliirudishia miji mamlaka juu ya matumizi ya ardhi, ambayo ni uwezo wa kuamua biashara gani ikae wapi, lakini ilibakiza mikononi mwa Baraza kazi ya kumthibitisha mkandaji mwenyewe. Mji, kwa hiyo, unaweza kukidai kituo kibali cha eneo, kupanga saa za kufungua na kufunga, kudai usafi wa vyumba na mashuka, na kuchunguza rekodi ya jinai ya mmiliki ambaye hana cheti cha Baraza, kwa kuwa mmiliki ndiye anayenufaika na ndiye ambaye mara nyingi hubaki nyuma ya pazia wakati wafanyakazi wake wanakamatwa.

Kilicho muhimu zaidi katika sheria hiyo ni orodha ya mambo ambayo mji umekatazwa kuyafanya, kwa kuwa kila katazo linaeleza udhalilishaji uliokuwa ukitendeka hapo kabla. Mji hauruhusiwi kukitambulisha kituo cha masaji kuwa biashara ya burudani ya watu wazima. Hauruhusiwi kudai kuta zisizofika darini wala madirisha ya ndani yanayomvunjia mteja faragha yake, wala kulazimisha kituo kiwe na bafu. Hauruhusiwi kumdai mwenye cheti vipimo vya kitabibu, uchunguzi mwingine wa tabia au masomo ya ziada. Hauruhusiwi kubandikisha ukutani, mbele ya wateja, matangazo yanayotaja vitendo vya ngono au viungo vya siri. Hauruhusiwi pia kumkataza mkandaji anayefanya kazi peke yake kufunga mlango wa nje anapokuwa na mteja, sharti ambalo hapo awali lilimwacha mwanamke aliye peke yake wazi kwa yeyote apitaye barabarani.

Kwa upande wa taaluma, viwango vilipandishwa. Hapo mwanzo palikuwa na madaraja mawili ya vyeti, la chini likihitaji saa 250 za mafunzo. Tangu mwaka 2015 mwombaji mpya lazima awe na umri wa angalau miaka 18 na saa 500 za mafunzo katika shule iliyoidhinishwa na Baraza, ambazo saa 100 kati yake lazima zihusu anatomia na fiziolojia, yaani namna viungo vinavyofanya kazi, pamoja na hali zinazomzuia mteja asikandwe, usafi na maadili ya kazi. Alama zake za vidole hupelekwa katika idara ya sheria ya jimbo na kwa wapelelezi wa serikali kuu, FBI, na cheti chake hudumu kwa miaka miwili kabla ya kuhuishwa. Bodi ya Baraza yenyewe ilipangwa upya ili iwe na wajumbe 13, wakiwamo wanaoteuliwa na umoja wa miji, umoja wa kaunti, chama cha wakuu wa polisi na wanaharakati wanaopinga biashara haramu ya binadamu, kwa sababu ilionekana kwamba chombo kinachoathiri mitaa ya watu hakiwezi kuendeshwa na wenye kazi peke yao.

Mfumo huu una upungufu wake, kwa kuwa jimbo halimlazimishi kila mkandaji awe na cheti. Pale ambapo mji haujatunga sheria ndogo ya kukidai, mtu asiye na mafunzo bado anaweza kufungua kituo, na ndiyo maana miji mingi imeamua kwamba yeyote anayekanda ndani ya mipaka yake lazima awe amethibitishwa na Baraza.

Polisi, mwenye jengo na mfanyakazi

Hakuna mgawanyo wa mamlaka unaoweza kuficha ukweli kwamba uhalifu upo. Shirika la Polaris, linalopambana na biashara haramu ya binadamu nchini Marekani, lilikadiria mwaka 2018 kwamba nchi hiyo ilikuwa na zaidi ya vituo 9,000 vya masaji vinavyoendeshwa kinyume cha sheria, na wanawake wengi wanaofanya kazi humo ni wahamiaji kutoka Asia, wengi wao wakiwa na madeni ya safari, lugha ya wenyeji isiyowatoka vizuri na hofu ya kufukuzwa nchini. Sheria inayowatendea wanawake hao kama watuhumiwa wa kwanza humnufaisha anayewanyonya, kwa maana mwanamke anayemwogopa askari kuliko anavyomwogopa mwajiri wake hatamweleza mtu yeyote kinachomsibu.

Njia ambazo zimekuwa na tija zaidi ni zile zinazoyalenga maslahi ya walio juu. Sheria ya California ya mwaka 1913 dhidi ya madanguro huruhusu serikali, au hata mwananchi, kulishtaki jengo linalotumika kwa ukahaba kama kero kwa umma, na mahakama inaweza kulifunga hadi mwaka mmoja. Mwenye jengo anayepokea pango kubwa huku akifumba macho hulazimika kuyafumbua. Kadhalika, sheria iliyotungwa mwaka 2012 inavitaka vituo vya masaji, pamoja na baa, viwanja vya ndege na biashara nyingine kadhaa, vibandike mahali paonekanapo tangazo lenye namba ya simu ya msaada kwa watu wanaolazimishwa kufanya kazi, na tangazo hilo linamtazama mfanyakazi kama mtu anayestahili kulindwa.

Gharama ya kuutazama ukandaji kwa jicho la dharau imekuwa damu. Mjini New York, mwishoni mwa mwaka 2017, mwanamke mhamiaji aliyefanya kazi katika kituo cha masaji huko Queens alifariki dunia baada ya kuanguka kutoka ghorofani wakati wa msako wa polisi. Tarehe 16 Machi 2021 mtu mwenye bunduki aliwaua watu wanane katika vituo vitatu vya masaji ndani na nje ya Atlanta, jimboni Georgia, na sita kati yao walikuwa wanawake wenye asili ya Asia. Walikuwa mama, bibi na wafanyabiashara, na mjadala wa siku zilizofuata ulijaa maswali kuhusu walichokuwa wakikifanya kazini badala ya usalama waliokuwa wanastahili kupewa.

Yanayozihusu halmashauri na kaunti

Afrika Mashariki haina haja ya kuiga sheria za California, lakini swali lilelile liko mezani kwake. Ukandaji ni huduma ya kale katika pwani ya Waswahili, ambako mzazi hukandwa kwa maji ya moto siku za arobaini, nayo timu za mpira wa miguu nchini Tanzania humweka mchua misuli katika benchi la ufundi pamoja na daktari. Vituo vya kulipia vimeongezeka katika miji mikubwa na katika hoteli za kitalii za Unguja na Mombasa, na serikali za mitaa ndizo zinazokutana navyo kwanza. Nchini Tanzania, sheria za mwaka 1982 zinazihusu mamlaka za wilaya na za miji, na zinaziruhusu halmashauri kutunga sheria ndogo. Nchini Kenya, Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linazikabidhi kaunti utoaji wa leseni za biashara, lakini linasema waziwazi kwamba usimamizi wa taaluma haumo katika kazi hiyo. Mstari ambao California iliupata baada ya kuyumba huku na huku, Wakenya wameuandika ndani ya Katiba yao, na kazi iliyobaki ni kuuheshimu wakati kaunti inapotunga sheria.

Kuuheshimu mstari huo maana yake ni kwamba diwani anayeletewa rasimu ya sheria ndogo juu ya vituo vya masaji aulize maswali matatu kabla ya kuinua mkono. La kwanza ni iwapo rasimu inamthibitisha mkandaji kwa elimu yake, kupitia chombo chenye ujuzi wa afya, au inamwachia karani wa leseni kuamua jambo asilolijua. La pili ni iwapo masharti ya jengo, kama vile maji, usafi, mwanga na njia ya kutokea moto unapozuka, yanalingana na yale ya saluni na zahanati, au yametungwa ili kuaibisha. La tatu ni iwapo adhabu inamfikia mmiliki na mwenye jengo wanaochuma faida, au inaishia kwa msichana aliyekutwa chumbani. Sheria inayoweza kujibu maswali hayo vizuri itamlinda mteja anayetafuta nafuu ya mgongo, itampa mkandaji heshima inayolingana na ujuzi wake, na itamwachia polisi kazi iliyo yake hasa, ambayo ni kumtafuta anayewanyonya wengine na kumfikisha mahakamani.